Beberu wa Kaunta Buku

Nyumbani kwetu Tabata, ugomvi mkubwa wa mwaka huu haukuwa wa ada wala wa zamu ya kuosha vyombo. Ulikuwa ugomvi wa simba wawili. Baba watoto alirudi Ijumaa jioni na flashi yenye The Lion King zote mbili, ya mwaka 1994 iliyochorwa kwa mkono na ya mwaka 2019 iliyotengenezwa kwa kompyuta, akaagiza tutazame moja usiku ule na nyingine kesho yake. Kufika Jumapili asubuhi, kifungua mimba wangu aliye kidato cha tatu na kitindamimba wa darasa la nne walikuwa wanapishana sebuleni bila kusemezana.

"Mdogo wako kafanya nini?" nikamuuliza kaka mtu.

"Anasema simba mpya hafai. Mama, yule unamwona mpaka vumbi kwenye manyoya!"

"Baba yake amekufa," binti akapaza sauti kutoka jikoni, "na uso wake ni ule ule! Hata nyusi hajakunja!"

"Simba hana nyusi!"

"Wa kwanza alikuwa nazo!"

Uji ulikuwa motoni, sikusema kitu. Lakini moyoni nilikuwa upande wa binti, na sababu zangu ninazo. Sauti ya baba huyo, Mufasa, katika filamu zote mbili ni ya mtu mmoja, James Earl Jones. Hadithi ni ile ile, na mahali pengi hata maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni uso. Wachoraji wa mwaka 1994 waliletewa simba hai studioni wawatazame wanavyotembea na kulala, na baadhi ya wenzao walisafiri hadi Kenya, Hell's Gate karibu na Naivasha, kuangalia miamba na mwanga. Baada ya kujifunza yote hayo wakaamua wapi pa kuyaacha. Mark Henn aliposimamia uchoraji wa Simba mdogo, na Andreas Deja uchoraji wa Scar, simba mwovu, waliwapa nyusi na midomo ya namna ambayo simba wa porini hana, ili mtoto wa miaka minne aliyekaa mkekani ajue kwa kutupia jicho tu nani ana huzuni na nani ana hila. Jon Favreau na wenzake wa mwaka 2019 walitaka jambo jingine: mtazamaji aamini kwamba kamera ilipelekwa mbugani. Walifaulu kwa kiwango cha kustaajabisha, maana katika filamu nzima picha halisi ya kamera ni moja tu, ile ya macheo ya mwanzo. Ila uso wa simba wa kweli hauna namna ya kumwambia mtoto kwamba moyo umevunjika, na wao walijifunga kuutii uso huo. Niliiona filamu ile nzuri mno, na sikutoa chozi.

Kijana wangu si mjinga. Mchana, wakati wa kula, alikuja na hoja iliyomnyamazisha dada yake.

"Wale nyumbu wanaoporomoka bondeni siku Mufasa anakufa, kwenye ile filamu yako ya mkono, ni kompyuta."

Ni kweli. Watu wa kompyuta walimtengeneza nyumbu wa pande zote, wakamzidisha akawa mamia, wakaandika programu ya kuwafanya wakimbie pamoja bila kugongana. Kipande hicho ni cha dakika kama mbili na nusu, na kiliwachukua zaidi ya miaka miwili. Hata rangi za filamu nzima zilitiwa kwa kompyuta, kwa sababu studio yao, Disney, iliacha kupaka rangi kwa brashi juu ya karatasi za plastiki baada ya The Little Mermaid ya mwaka 1989. Michoro ya Simba ilikuwa ya penseli, kisha ikaingizwa kwenye mashine.

Binti aliacha wali wake nusu sahani.

"Basi mimi nitafanya kwa penseli tu," akasema. "Bila mashine."

"Na mimi kwa kompyuta," kaka akajibu.

Baba watoto, ambaye hapendi kuamua kesi za ndani, akaona njia imefunguka. Akatangaza kwamba kila mmoja atengeneze mnyama mmoja, mnyama huyo huyo, na bibi yao ndiye atakayeamua. Mama mkwe wangu alikuwa amewasili wiki ile kutoka Pangani na boksi la samaki, nguru watupu, na alikuwa na kesi yake mwenyewe: beberu wa jirani alikuwa ameruka ukuta na kula pindo la kanga yake ikiwa kambani. Mnyama akawa huyo beberu. Hakuna aliyebisha.

Binti alianza kwa kukaa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, upande wetu wa ukuta, akimtazama beberu kupitia matundu ya tofali. Nilimwita mara kwa mara aje kunisaidia kuchambua mchicha, akanijibu, "Mama, subiri, anafikiria." Niliona ni uvivu wa mtoto. Baadaye nilikumbuka kitabu ambacho Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wawili wakongwe wa Disney, walikitoa mwaka 1981 kueleza kanuni za kazi yao. Moja ya kanuni hizo ni kwamba kabla kiumbe hajatenda, lazima aonekane akijiandaa kutenda. Anayetaka kuruka hujikunja kwanza. Anayetaka kuiba hutazama kwanza nani anamwona. Mwanangu hakuwa amekisoma kitabu hicho. Alikuwa amekaa kwenye ndoo.

Karatasi zilimsumbua. Alikata karatasi za daftari la shule vipande vipande, akachora beberu juu ya kila kipande, akavishika pamoja na kuvipeperusha kwa kidole gumba. Beberu akatetemeka mwili mzima, mara yuko juu, mara yuko pembeni, kwa kuwa kila kipande kilikaa kivyake. Studio zina dawa ya tatizo hilo tangu zamani: karatasi zote hutobolewa matundu sawasawa chini, zikavalishwa vipini juu ya meza yenye kioo na taa chini yake, hivyo mchoro wa pili hukaa sawasawa juu ya wa kwanza na mchoraji anauona kwa chini. Hakuna meza hiyo Tabata. Binti alihitaji karatasi nene ambazo tayari zimeshonwa pamoja na hazisogei. Ndani ya nyumba yetu kulikuwa na kitu kimoja tu cha namna hiyo, nacho kilikuwa kwenye droo ya chini ya kabati: kaunta buku ya kikoba chetu, ambacho mweka hazina wake ni mimi.

Sikujua. Nilikuwa nashughulika na janga la upande wa pili.

Kijana alishusha Blender, programu ya bure ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuitumia. Alinieleza kwa bashasha kwamba Flow, filamu ya mwaka 2024 ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitengenezwa kwa programu hiyo hiyo, na mwaka 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni. Paka, mbwa na ndege ndani ya jahazi, na hakuna anayesema neno hata moja. Tuliitazama pamoja na bibi yao, naye aliifuata mwanzo hadi mwisho bila kumwuliza mtu "kasemaje?" kama anavyolazimika kufanya siku zote mbele ya filamu za Kiingereza. Nilifurahi sana kumwona hivyo. Siku ile nilikiri mbele ya kijana wangu kwamba kompyuta ikishikwa na mtu mwenye jambo la kusema inaweza kufika mahali ambapo hata maneno hayahitajiki.

Alimjenga beberu wake wiki nzima baada ya masomo. Mwili, kwato, pembe, jicho lenye mboni ya kulala. Kisha akataka manyoya. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Manyoya ndiyo yaliyowatesa mabingwa wenyewe. Pixar walipotoa Toy Story mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, walichagua hadithi ya vinyago kwa sababu plastiki ilikuwa rahisi kwa mashine za wakati ule, na ngozi na nywele zilikuwa ngumu. Hata hivyo walihitaji kompyuta 117 zikifanya kazi kwa pamoja. Kufikia Monsters, Inc. ya mwaka 2001, jitu lao Sulley lilikuwa na nywele zaidi ya milioni 2, na picha moja tu aliyomo iliweza kuichukua mashine nusu siku. Na filamu hutaka picha 24 kwa kila sekunde.

Mwanangu alikuwa na kompyuta moja ya mezani, iliyostaafishwa ofisini kwa baba yake. Beberu wake wa sekunde kumi alihitaji picha 240. Usiku wa Jumatano aliiacha mashine ikirenda, yaani ikikokotoa mwanga, kivuli na kila unywele, picha baada ya picha, akaifunika kitambaa ili taa zake zisitusumbue, akalala. Uniti za LUKU zilikuwa zimebaki chache na kila mmoja alidhani mwenzake atanunua. Feni ya mashine ilivuma usiku kucha, au ndivyo tulivyodhani. Alfajiri niliamka kwa joto, feni ya chumbani imesimama, nyumba kimya, na chini ya mlango wa jokofu kuna maji ya rangi ya waridi.

Nguru wa mama mkwe.

Alisimama mlangoni mwa jikoni, kanga mbili, akatazama boksi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Nani kazima friji?"

"Bibi, shikamoo," kijana akasema.

"Marahaba. Nani kazima friji?"

"Umeme umeisha, bibi. Kompyuta ilikuwa inatengeneza manyoya."

"Manyoya ya nani?"

"Ya beberu."

Mama alivuta pumzi ndefu. "Beberu yule yule?"

"Ndiyo, bibi."

"Kala kanga. Sasa kala na samaki."

Nguru ambao bado walikuwa na ubaridi tuliwakaanga wote asubuhi ile, tukawagawia majirani, akiwamo mwenye beberu. Wengine tuliwafukia. Kijana alikuwa na picha chache tu zilizokamilika, beberu akiwa na miguu ya mbele hewani. Alikaa mbele ya kioo cheusi cha mashine yake hadi nikamwita anywe chai. Nilimhurumia kwa dhati. Watu wengi hudhani kazi ya kompyuta ni kubonyeza kitufe na mashine ikajichorea. Nilimwona mtoto akijifunza mifupa ya mguu wa mbuzi kutoka kwenye picha, akisogeza goti moja kwa saa nzima, akifuta na kurudia. Ule ni uchoraji. Kalamu yake tu ndiyo imebadilika.

Jumamosi kikoba kilikutana kwangu. Ilikuwa siku ya kuhesabu hisa kabla ya kugawana, na sanduku lenye kufuli tatu lilikuwa katikati ya mkeka, washika funguo wote wamefika. Nikatoa kaunta buku, nikampa dada katibu asome.

Alifungua. Akanyamaza. Akafungua ukurasa wa pili.

"Mama mweka hazina," akasema taratibu, "huyu mbuzi ni mwanachama?"

Kwenye kona ya chini ya kila ukurasa, tangu pale hesabu zilipoanzia hadi zilipoishia, alikuwapo beberu mdogo wa penseli. Mahali pengine pembe yake iligusa tarakimu za marejesho. Mahali pengine mkia ulipita juu ya saini. Kwenye ukurasa wa mfuko wa jamii alikuwa amekanyaga jumla.

Mama mwenyekiti ni mtu wa sheria. Alisema kitabu cha kikundi si cha kuchezea, na kwamba kanuni zetu zina faini. Nilikubaliana naye, nikamwita binti. Alikuja kifua kikiwa juu, macho mekundu tayari, akaamkia wote mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ukiangalia moja moja hutamwona. Naomba nikuonyesheni."

Akachukua kitabu, akakikunja kidogo, akaachia kurasa zipite chini ya kidole gumba.

Beberu akatembea. Akafika ukutani. Akasimama, akageuza shingo nyuma, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatafuna kidogo kana kwamba hana nia yoyote. Kisha akajikunja hadi tumbo likakaribia chini, akaruka, mwili ukarefuka hewani, akatua akabonyea, akanyooka, akaunyoosha mdomo kuelekea kambani. Kurasa zilizoandikwa zikaishia hapo.

"Rudia," akasema mama mwenyekiti.

Akarudia. Sasa wanawake wote walikuwa wameinama juu ya kaunta buku. Mmoja alipiga kofi pajani aliposhuhudia beberu akigeuza shingo. "Mwizi! Tazama anavyojifanya!" Mama mkwe, aliyekuwa chumbani akijipumzisha na hasira za nguru, alitoka kuangalia kelele ni za nini. Akaonyeshwa.

"Huyu ndiye," akasema. "Huyu ndiye hasa. Alinitazama hivi hivi."

Nimeitafakari sana kauli hiyo. Mchoro wa binti ulikuwa na miguu isiyolingana, na katika kurasa kadhaa beberu alipoteza sikio. Lakini mtoto alikuwa ameona fikra ya mnyama na akaiweka pale, na bibi akamtambua mtuhumiwa wake. Filamu ya dakika 88 kama The Lion King ya kwanza ni picha 126,720 zinazopita mbele ya macho. Hata pale mchoro mmoja unapopigwa picha mara mbili ili kupunguza kazi, bado mtu amekaa na kiumbe yule yule makumi ya maelfu ya mara, akiamua kila mara sikio liende wapi. Hayao Miyazaki alipotengeneza Ponyo mwaka 2008, alitaka hata mawimbi ya bahari yachorwe kwa penseli, na filamu ile ikahitaji michoro karibu 170,000. Kijana wangu huniambia mkono umepitwa na wakati. Mimi namwambia The Boy and the Heron ya mzee huyo huyo ilipata Oscar mwaka 2024. Kinachoniuma ni Disney wenyewe, waliotupatia Snow White mwaka 1937, kuacha filamu ndefu za kuchorwa kwa mkono baada ya Winnie the Pooh ya mwaka 2011. Hakuna aliyewakataza kufanya yote mawili.

Na huku kwetu yote mawili yamewahi kukaa chumba kimoja. Edward Tingatinga, mwana wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alikuwa akipaka wanyama wake rangi za kung'aa juu ya mbao hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2010 wanyama wa mtindo wake walitembea kwenye televisheni katika Tinga Tinga Tales, kazi iliyofanyiwa Nairobi: michoro ya mkono ikakatwa viungo na kuchezeshwa kwa kompyuta. Watoto wangu wote wawili walikua nayo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ni ya upande gani.

Mama mwenyekiti alitoa hukumu. Faini ililipwa, nami niliilipa bila kunung'unika. Kaunta buku mpya inunuliwe, hesabu zihamishwe na kukaguliwa na watu wawili, na ile ya zamani, baada ya kurasa zenye majina na fedha kufunikwa kwa karatasi, abaki nayo mtoto. Usiku ule niliandika hadi mkono ukafa ganzi, dada katibu akinisomea.

Kijana aliiazima kaunta buku siku iliyofuata. Niliwaona wamekaa pamoja sakafuni, binti akipeperusha kurasa, kaka akisimamisha kwa kidole pale shingo inapogeuka.

"Hapa anakaa muda gani?" akamuuliza.

"Mpaka aamini hakuna mtu."

"Ni picha ngapi hizo?"

"Sijui. Hesabu wewe."

Alihesabu. Akarudi kwenye mashine yake, akaondoa manyoya yote. Badala ya unywele mmoja mmoja akampaka beberu mabaka ya rangi kama ya brashi, akiiga alivyomwona paka wa Flow, na picha iliyokuwa ikichukua dakika sasa ikachukua sekunde. John Lasseter, aliyeiongoza Toy Story, alisomea uchoraji wa mkono kabla hajagusa kompyuta. Mwaka 1986 alitengeneza Luxo Jr., filamu fupi ya taa mbili za mezani zisizo na uso, na watu wakazielewa furaha na huzuni zake kwa namna zilivyoinama tu. Mwanangu aliingia katika ukoo huo bila kuambiwa. Beberu wake wa pili hakuwa na unywele hata mmoja, lakini alifika ukutani, akasimama, akageuza shingo, akatulia vile vile alivyofundishwa na mdogo wake. Kwa kuwa alikuwa wa pande zote, kijana akaizungusha kamera ikamtazama kutoka upande wa kamba ya nguo, kwa hiyo ulipogeuka uso wa beberu, alikuwa anakutazama wewe. Penseli ya binti isingeweza kuzunguka vile ndani ya kona ya ukurasa, na binti mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema.

LUKU nilinunua mimi kabla hajabonyeza. Kazi iliisha kabla ya chakula cha usiku, akaihamishia kwenye simu yangu, tukampelekea bibi sebuleni. Mama alivaa miwani. Alitazama mara ya kwanza bila kusema. Mara ya pili akamsogeza mjukuu pembeni aone vizuri. Beberu alipogeuka na kumkazia macho, mama akavua miwani, akasimama, akajitanda kanga.

"Simu nimeichukua," akaniambia. "Naenda kwa jirani. Leo atanilipa pindo langu, ushahidi ninao."